Majina Aliyosomewa Awuor

Mliponikabidhi ile saa ya ukutani siku ya kuniaga nilipostaafu, mliniomba niwaachie madaftari yangu. Saa nimeitundika, inachelewa dakika nne, nami nimeizoea. Madaftari yamo kabatini, yote isipokuwa moja lenye jalada la kijani. Hilo niliondoka nalo mkobani bila kumuaga mtu, na ninaandika kurasa hizi ili mjue sababu. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo hayo nitayapita. Majina ya watu nimeyabadilisha, na mwenye siri iliyomo ameniruhusu kuisema.

Nilifika katika ofisi ya upimaji wa watoto wenye ulemavu ya Migori mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na shahada, viatu vya kisigino kirefu na maneno mengi ya chuoni. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi mawili, kengele ya kupimia usikivu na sanduku la vipande vya mbao ambavyo watoto walikuwa wamevitafuna pembe. Mkuu wangu alikuwa Bwana Mwita, Mkuria mpole aliyevaa koti la sufi hata jua likiwaka. Aliisoma ripoti yangu ya kwanza, akaivua miwani yake, akanirudishia.

“Umeandika mtoto ‘alipandwa na hasira’. Hasira uliiona wapi, Mwalimu? Ina rangi gani?”

“Alikuwa anarusha vitu, Bwana Mwita.”

“Basi andika alirusha. Alirusha nini, mara ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, baada yake akapata nini. Hasira mwachie kasisi.”

Siku hiyo alinichorea safu tatu katika daftari: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Alinifundisha kwamba mtoto anayejing’ata au kujipiga hafanyi hivyo bila sababu. Tabia hiyo humletea kitu anachokihitaji, au humwondolea kitu asichokistahimili. Swali letu si namna ya kumkomesha. Swali letu ni tabia hii inamfanyia kazi gani. Tukishajua, tunamfundisha njia nyingine ya kuipata kazi ile ile, isiyo na damu. Alinipa pia konzi ya maharagwe. Kila pigo moja, haragwe moja hutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, ili macho yasibanduke kwa mtoto. Wengi wenu mlinicheka kwa mifuko yangu iliyotuna. Saa za kubonyeza za kuhesabia mapigo mlizoletewa baadaye ziliharibika zote. Maharagwe hayajawahi kuharibika, ila mwaka mmoja yaliota.

Watumishi walikuwa wachache, hivyo tulihudumia pia upande wa Homa Bay. Ndivyo nilivyoitwa Kendu Bay, kwenye darasa la watoto wenye ulemavu lililojengwa nyuma ya shule moja ya msingi. Mwalimu wa darasa hilo, Pamela, alikuwa msichana mwenye sauti ya kuamsha mtaa na moyo wa kutosha watoto wote kumi na wawili. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kona.

Hapo alikaa Awuor, wa miaka tisa, ambaye hakuwa na neno hata moja. Kichwani alivaa kofia ambayo Pamela aliishona kwa sponji ya godoro. Alikuwa akijipiga kwa kisigino cha kiganja juu kidogo ya jicho, pigo baada ya pigo, kwa utulivu wa mtu anayebisha hodi katika nyumba anayojua ina watu. Halikuwa pigo la ghadhabu. Hilo ndilo lililonifanya nisogee hatua moja nyuma.

“Jicho la kushoto lilishakufa,” Pamela alisema. “Daktari wa macho amesema la kulia utando wake wa nyuma umeanza kuachia. Akiendelea hivi, hata muhula hautaisha kabla hajapofuka. Na nyumbani, wakienda shambani, wanamfunga mikono kitandani kwa leso. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nimefikiria kamba.”

Hivyo ndivyo nilivyolikuta jambo lenyewe: jicho moja, na muda usiofika muhula.

Nilipanga majaribio kama nilivyofundishwa, na kila moja nililikatiza mara tu mapigo yalipofika matatu. Nilimpa kazi ngumu na kumwondolea alipojipiga, haikuleta tofauti. Nilimwacha bila kazi, nikimtazama kwa mlangoni, haikuleta tofauti. Alipojipiga nilimsemesha “pole, mama, pole”. Alinipita kwa jicho lake kama mtu anayepita duka lisilouza anachotafuta. Nilimpa sima, kikombe cha bati alichokipenda, maji ya kuchezea. Hakuna lililomtuliza. Siku ya tatu mfuko wangu wa kushoto ulikuwa mzito, na safu ya tatu ya daftari haikuwa na jibu.

“Wewe huijui dawa yake,” Pamela akaniambia. “Ngoja saa nne.”

Saa nne alikuja bibi yake, mama wa baba, akiwa na chupa ya uji. Wote walimwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Awuor alianza kujipiga pale pale alipoisikia fimbo yake kwenye kokoto. Dani aliketi, akaweka kiganja juu ya kofia ya sponji, akaanza kutaja majina taratibu, kama anayehesabu kuku jioni. Alitaja jina, akanyamaza kidogo. Akataja la pili, akanyamaza. Katika jina la tisa mkono wa Awuor ulisimama hewani, kana kwamba umeshikwa. Kisha aliugeuza uso wake mlangoni, akasikiliza.

Mimi ni Mjaluo, mzaliwa wa Uriri, na sina kisingizio cha ugeni. Nilijua nilichokiona. Mtoto mchanga asiyenyamaza husomewa majina ya wafu wa ukoo, na lile linalomnyamazisha ndilo analotaka kupewa. Aliyetangulia anataka jina lake lirudi kwa mtoto huyo. Siku hizi ni wachache wanaofanya hivyo. Kwa mtoto wa miaka tisa sikuwahi kuona.

“Jina gani hilo, Dani?” nilimuuliza kwa Kijaluo.

“Akeyo. Mama yake.” Akamfuta mtoto ute mdomoni. “Alizama ziwani na ile boti ya abiria. Wengine waliopolewa. Yeye bado yuko majini, hajazikwa, anaita. Mwanangu hataki kusikia. Anasema mke wake alitoroka, na jina hilo lisitajwe kwake. Sasa nalitaja hapa shuleni, wakati huyu anajiumiza. Yeye anamsikia mama yake. Sisi tumeziba masikio.”

Niliandika usiku huo ukurasa mzima, na nakiri kwamba nilifurahi. Katika boma lile jina la mama lilikuwa limepigwa marufuku. Akeyo, nilikuja kujua, alikuwa na mazoea ya kumbembeleza mtoto kwa kujitaja na kujisifu mwenyewe, kama wanawake wetu wafanyavyo: mimi Akeyo, binti wa Karungu, mimi mwenye kisima. Awuor alikuwa amebakiwa na mlango mmoja tu wa kulisikia jina hilo, na mlango huo ulifunguka kwa kupigwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya tabia yake. Lakini Bwana Mwita hakutufundisha kufurahi, alitufundisha kuthibitisha. Huenda kilichomtuliza kilikuwa sauti ya Dani, au kiganja chake, au tu kule jina kuwa la tisa katika orodha.

Ndipo nilipofanya kosa ambalo limenipeleka kwenye kurasa hizi.

Nilimwomba Dani majina yote kumi na moja, nikayaandika kwenye vikaratasi. Niliongeza matatu ya watu wasiokuwepo kabisa. Nikavikunja, nikavitia katika kikapu cha Pamela, nikavichanganya, nikawa navitoa kimoja kimoja na kukisoma. Darasa lilikuwa na madirisha mapana yasiyo na vioo, na ilikuwa siku ya soko. Nilipoinua macho, watu wa ukoo walikuwa wamejaa dirishani, pamoja na Baba Awuor mwenyewe, fundi wa baiskeli, mikono yake myeusi kwa grisi. Kikapu, vikaratasi, majina ya wafu, mwanamke aliyetoka mbali: nilikosa tu kibuyu cha mganga.

Nilisoma mimi, kwa sauti kavu. Mkono ulisimama kwa Akeyo. Alisoma Pamela, kwa mpangilio mwingine. Ulisimama kwa Akeyo. Nilitoka nje nikasoma nikiwa nyuma ya ukuta, bila mtu kumgusa mtoto. Pamela alipaza sauti, “Umesimama!” nami nilikuwa nimetamka Akeyo. Niliporudi ndani kwa mara ya mwisho, nilitoa kikaratasi na kukikunjua. Kabla sijafumbua mdomo, mkono wa Awuor ulikuwa umeshashuka magotini, na uso wake umeelekea mlangoni.

Nilikuwa nimeshika Akeyo.

Katika daftari la kijani mstari huo una alama ya kuuliza pembeni. Nimejiambia mara nyingi kwamba alinisoma usoni. Labda.

 Dani, aliyekuwa dirishani na wenzake, akasema, kwa sauti ya mtu aliyepokea mzigo wake, “Mwalimu ameuliza kila namna. Amejibiwa kila namna.”

Baba Awuor aliingia ndani. “Mimi siwezi zika mtu hajakufa, Mwalimu. Huyo mama alinitoroka. Lakini wewe umesoma. Hicho kitabu chako kinasema nini?”

Nilikuwa na nafasi hapo. Ningemwambia: kitabu hiki kinaeleza anachotaka mtoto, hakijui mwenye jina yuko wapi. Ila nilikuwa nimelewa usahihi wangu. Nilimfungulia safu ya tatu.

“Kinasema kila mara anasimama kwa Akeyo,” nilijibu. “Kila mara, Baba Awuor. Bila kukosa.”

Aliiangalia karatasi kwa muda mrefu, kidole chake kikiacha alama ya grisi ambayo ipo hadi leo. “Basi,” alisema. “Basi amekufa.”

Mnajua hufanyika nini mwili usipopatikana. Jumamosi iliyofuata walikata tunda la yago, lile refu na zito linaloning’inia mtini kwa kikonyo kama kamba, wakalifunga shuka, wakalivika rinda la Akeyo, wakalilaza ndani ya jeneza. Nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa tusi. Jeneza lilibebwa na wanaume wanne waliojikaza kama wanaobeba mtu, na lilipoinamishwa, kitu ndani kiliteleza na kugonga ubao wa kichwani. Mwanamke mmoja karibu nami akanong’ona, “Ameamka.” Hakuna aliyecheka.

Siku nzima waliomboleza wakimwita Akeyo. Akeyo binti wa Karungu, Akeyo mwenye kisima. Awuor aliketi mkekani miguu ameinyoosha, viganja vyake wazi juu ya mapaja. Kuanzia asubuhi hadi tulipotawanyika sikuhamisha haragwe hata moja.

Kazi iliyofuata ndiyo mnayoijua, na mnaifanya vizuri kuliko mimi. Jina halikuwa tena na kizuizi, hivyo tulimpa kabla hajalidai: Pamela alilitaja kila baada ya dakika chache, Dani alilitaja asubuhi na jioni. Kisha nikatengeneza kadi mbili za maboksi, nikazivika vipande vya leso ya Akeyo ambavyo Dani alinikatia. Moja nilibaki nayo kama akiba. Nyingine tuliitundika kwenye msumari karibu na kiti cha Awuor. Pigo lilipokaribia, Pamela aliuongoza mkono ule ule hadi kwenye kadi, kadi hadi kiganjani mwake, naye akatamka: Akeyo. Tulirudia mara mamia. Asubuhi moja Awuor aliinuka peke yake, akaichukua kadi, akavuka darasa, akaiweka mkononi mwa Pamela, akageukia mlango na kusubiri. Pamela alilia hadi akasahau kutamka, ikabidi mimi nitamke. Muhula uliisha. Jicho lilikuwepo. Ukafika muhula mwingine na kofia ya sponji ikatumika kufutia ubao.

Ripoti yangu ilisifiwa. Bwana Mwita aliisoma mara mbili, akavua miwani.

“Ni sahihi,” alisema. “Lakini umeandika kipimo kinasema nini. Hukuandika hakisemi nini.”

Nilidhani ni mazoea ya mzee kutafuta doa.

Mwaka uliofuata, mchana wa joto, wazazi waliokuwa bencheni ofisini Migori waliondoka mmoja mmoja, akabaki mwanamke mmoja asiye na mtoto. Nilifungua kitabu cha wageni.

“Jina, mama?”

“Andika mgeni tu.” Alizungumza polepole, macho yake yakiwa juu ya meza yangu. “Langu mlilizika.”

Alikuwa akiitazama kadi ya akiba, niliyokuwa nikiitumia kuonyeshea wanafunzi wa ualimu. Aliinyoshea mkono, akakisugua kitambaa chake kwa kidole gumba. “Hii leso yangu. Niliianua siku ile bado ina maji. Nikaona ni nzito, nikaiacha.”

 Kwa muda, na mimi ni mtu wa safu tatu, niliangalia miguu yake kama inagusa sakafu.

Iligusa. Ilikuwa na vumbi. Akeyo alinieleza kwamba hakupanda boti. Alipanda gari la kwenda Karungu, kwa dada yake. Alikuwa amechoka kuambiwa kwamba mtoto yule ni yeye aliyemharibu. Aliposikia boti imezama, alivuka mpaka na kuwaacha waamini watakavyo, akikusudia kumrudia Awuor atakapopata pa kulala.

“Kisha mtu wa kwetu akaniambia, ‘Wewe umezikwa. Kuna mwalimu alikuja na daftari akahakikisha.’ Nikasema lazima nimwone huyo mwalimu aliyeniua.”

 Neno langu la kwanza lilikuwa la kijinga. “Nitakwenda mwenyewe. Nitawaambia nilikosea.”

“Utawaambia nini? Nikitokea pale bomani watakimbia. Wasipokimbia, watasema nimekuja kuchukua mtu.” Aliikunja kadi, akaikunjua. “Anaona?”

“Anaona. La kulia linaona vizuri.”

“Kwa sababu wanalitaja jina langu.”

“Ndiyo.”

“Jina la marehemu.” Alinitazama sasa. “Wakijua niko hai, niliwatoroka, bado watalitaja?”

Mkononi nilikuwa na kalamu, na nilijua jibu kama alivyolijua yeye. Baba Awuor alikuwa amelirudisha jina la mke aliyezama. La mke aliyetoroka angelifukia tena, na mtoto angerudi kubisha kwa kiganja.

“Basi niache huko huko,” Akeyo alisema.

Tulikubaliana jambo moja. Siku za soko, Kendu Bay hujaa watu wa kila upande, na mwanamke aliyejifunika ushungi hatambuliki haraka. Pamela alimpokea kama mgeni wangu. Mara ya kwanza nilikuwepo. Awuor aliichukua kadi msumarini, akaja nayo, akasita kati yetu. Kisha akaiweka kwenye kiganja cha mwanamke aliyejifunika.

“Akeyo,” alisema Akeyo. “Mimi Akeyo, binti wa Karungu, mimi mwenye kisima.”

Awuor hakuugeukia mlango. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuugeukia mlango. Aliichukua kadi, akairudisha msumarini, akaketi na kuuegemeza mgongo wake kwenye magoti ya yule mgeni, na siku hiyo hakuitoa tena.

Alikuja hivyo mara moja kila muhula, kwa miaka kadhaa. Katika daftari la kijani siku hizo zimo: mgeni, kadi haikutumika. Ndiyo maana sikuliacha kabatini. Yeyote kati yenu, mlivyofunzwa vizuri, angelinganisha tarehe kwa dakika kumi na kujua kuna mtu. Na sasa mnaelewa kwa nini ripoti zangu zote tangu wakati ule zina aya ya mwisho inayosema kipimo hiki hakithibitishi nini. Mlidhani ni mazoea ya mama mzee. Iendelezeni.

Mara ya mwisho kumwona Dani nilimkuta kwenye kaburi la Akeyo, aking’oa magugu kwa mkono. Aliniuliza hali ya Awuor, nikamwambia kadi anaitumia vizuri. Ila, nilisema bila kufikiri, zipo siku chache ambazo haiombi kabisa.

Dani hakuacha kung’oa. “Za soko?”

Nilifungua daftari, nikatafuta tarehe.

“Siku hizo, Mwalimu, mama yake huwa amemjia,” alisema, akalipapasa kaburi la tunda kama anayemtuliza mtoto. “Hahitaji kumwita mtu aliyefika.”

Daftari lilikuwa limefunguliwa magotini mwangu, kwenye safu ya tatu. Nililifunga, nikainama, tukang’oa magugu pamoja.